Haja Ndogo

Kaimati aliingia kwetu Tudor
ndani ya gunia la vitunguu kutoka Kongowea,
mviringo kama jina lake, rangi ya kukaangwa,
na siku ya kwanza akakojoa mahali pane:
mkekani, chini ya friji,
ndani ya kiatu changu cha kazini, cha kushoto,
na mbele ya mlango, nusu hatua tu,
kama msafiri aliyefika stesheni
akauona mgongo wa treni.

Hapo mlangoni nikasimama na tambara, nikafikiri.
Huyu si mchafu.
Huyu amechelewa kueleweka.

Tunakaa orofa ya tatu. Ngazi hamsini na mbili,
na katikati yake Bi Thureya,
asiye na ubaya na mbwa, ila udhu wake ni udhu
na pua ya mbwa ni maji.
Aliniambia bila kugomba:
"Ukishuka naye, n'ambie. Nitafunga mlango, nawe upite."

Nikaenda Marikiti nikanunua njuga,
saba, za shaba, zilizotungwa kwa uzi mwekundu.
Muuzaji akauliza ni za ngoma gani.
Za mbwa, nikasema.
Alicheka hadi akanipunguzia shilingi kumi.
Watu huulizana nani atamfunga paka kengele;
mimi nilizifunga kitasani, zikaning'inia
usawa wa pua ya Kaimati,
nikazipaka mafuta ya samaki wa jana.

Akilamba, zinalia. Zikilia, mlango.
Mlango, ngazi; ngazi, nyuma ya tangi la maji,
anachutama, anageuza uso kwa heshima,
nami namwambia, "Hodari!" na kipande cha mhogo.
Wiki ya kwanza aliogopa sauti yake mwenyewe.
Wiki ya pili akajua kupita kiasi:
alizipiga ili akawafokee kunguru.
Nilishuka ngazi mara kumi na moja siku hiyo,
mara mbili tu kwa haja.

Haya yote baba aliyatazama kitandani, pale sebuleni.
Miaka thelathini na mmoja alisimama gatini Kilindini
akimwongoza mwendesha kreni kwa mikono mitupu:
kidole kikizunguka, pandisha;
kiganja chini, shusha;
ngumi, tulia hapo hapo.
Tani ishirini zilisubiri kidole chake.
Kisha kiharusi kikamla upande wa kulia
pamoja na maneno yote, kikambakizia moja: bado.

"Baba, haja?"
"Bado."
Na shuka ikasema vingine.
Nilizifua usiku, nikazianika kabla ya mwangaza,
ili asione.
Aliona.

Jumanne moja, mvua, alfajiri haijaadhiniwa,
njuga zikalia.
Nikaamka nusu, nikapapasa kamba ya mbwa,
nikamkanyaga mbwa mwenyewe:
amelala juu ya kanga yangu, hata sikio hakuinua.

Mlangoni alikuwa baba.
Bega lililokufa ameliegemeza ukutani,
na mkono wa kushoto, ule ambao gati haikuwahi kuutii sana,
umeshika uzi mwekundu kwa vidole viwili.
Hakuniangalia.
Akautikisa tena, mara moja, bila haraka,
kama mtu mwenye tani ishirini hewani.

"Hodari" lilinifika ulimini.
Nikalimeza, na mhogo wake.
Nikampa bega. Chooni ni hatua tisa.
Tulizihesabu kwa miguu mitatu, na tukawahi.

Siku hizi zikilia gizani sijui ni nani.
Nauliza, "Nani mwenye haja?"
Mmoja anatikisa mkia.
Mwingine anasema, "Bado,"
naye ameshasimama.

Na chini kule Bi Thureya, usingizini nusu,
anazisikia njuga,
anafunga mlango wake taratibu,
akidhani tunashuka.