Lumbesa

Kibaigwa, alfajiri,
kabla malori hayajaanza kunguruma,
nameza kidonge kwa uji wa uwele.
Tabibu Masinga alisema: kila siku, usiruke.
Hakusema kwamba fizi zitaumuka
hadi meno yaonekane wageni kinywani mwangu.

Mimi ni karani wa mizani.
Mia na tano, mia na kumi, tisini na nane na nusu:
namba zililala kichwani kama kuku,
kila mmoja na kijiti chake.
Sasa nauliza, "Umesema ngapi?"
na Ndahani mpagazi anarudia mara ya tatu,
taratibu, kama anaongea na bibi yake.
Hilo taratibu lake ndilo linaloniuma.

Mnaijua lumbesa?
Gunia likishajaa wanashonea wavu mdomoni,
wanaongeza kilemba.
Bei ni ya gunia moja,
kilichozidi kinalipwa na mgongo.

Nimenunua siku bila kuanguka.
Juu yake nimeshonewa usingizi wa mchana,
vidole vinavyotetemeka nikishika kalamu,
barabara moja inayokuwa mbili,
na swali la mama mkwe
analolipakua pamoja na mlenda: mtoto lini?
Kidonge cha kwanza, cha mwaka juzi, kiliondolewa
kwa ajili ya swali hilohilo.
"Kile kina hatari kwa kilichomo tumboni," alisema tabibu,
akaandika hiki, akatazama dirishani.

Mwezi wa saba niliacha.
Siku tisa. Upepo, vumbi jekundu,
na namba zikarejea bandani moja moja.
Nilijumlisha lori zima bila karatasi. Nikacheka peke yangu.
Siku ya kumi nilizinduka jikoni,
mkono wa kushoto unanuka nyama,
mdogo wangu Nyemo ananimwagia maji huku analia,
majirani wamejaa mlangoni
na hakuna aliyethubutu kunigusa.

Kovu lina umbo la figa.

Leo nimekwenda kliniki na orodha,
nimeiandika nyuma ya stakabadhi ya mahindi nisisahau:
fizi, usingizi, vidole, mtoto.
Nikamwambia, sikatai gunia.
Kilemba hicho tukipime, nami nikiona.
Akasoma mpaka mwisho,
akaigeuza karatasi, akakuta hesabu zangu za jana.
"Hapa umekosea kujumlisha," akasema.
"Najua," nikamjibu.
"Hilo nalo liandike."