Udhuru wa Hudhudi

Isuja hakuonekana siku tatu.
Jumatatu akaja, viatu mkononi,
na mimi nilikwisha kuapa mbele ya Kidato cha Pili B:
fimbo, au sababu iliyo wazi.

Nikaisikia sauti yangu, nikaitambua.
Ndivyo alivyoapa Suleimani
ndege mmoja alipokosekana safuni.

Nikaweka fimbo, nikashika chaki.
Zamda, hudhudi alianzaje?
— Alisema amejua asilolijua mfalme.
Hiyo ndiyo aya ya kwanza.
Hakusalimia nusu ukurasa.
Halafu?
— Natoka Sabaa. Nimemwona malkia. Ana kiti cha enzi. Wanalisujudia jua.
Aliyoyaona, mwanangu. Si “watu wanasema”.
Na mfalme akajibu: tutatazama
kama umesema kweli, au u miongoni mwa waongo.
Huyo, nikawaambia, ndiye msahihishaji wa mtihani wa taifa.
Wakacheka. Isuja hakucheka.

Aliketi dirishani, akaandika kwa Kiingereza
mistari kumi na mmoja:
kwamba nimeona usichokiona, mwalimu;
kwamba Bubu uliteremka usiku, mwekundu,
ukapita na vitunguu vya mama, matuta yote,
na mbuzi mwenye mimba,
na kamba aliyofungiwa.

“Mto unakuja,” kaandika.
Kitenzi cha juzi kakivika wakati wa leo.
Nikainua kalamu nyekundu nikizungushie duara.

Nje, upande wa Haubi,
wingu lilikuwa limeshika weusi,
na kijana alikuwa akilitazama.

Nikakiacha.