Mbwa wa Mikasi

Porvenir, ng'ambo ya Mlango wa Magellan,
upepo hauna adabu: huingia bila hodi,
huchukua kofia, hukata sentensi katikati.
Ndiyo maana Eleuterio hachomelei nje.
Hujifungia bandani, milango miwili na jiwe,
na mwanga wake wa buluu huvuja
kwenye matundu ya misumari.

Miaka thelathini na minane alinyoa kondoo.
Mgongo umebaki pale pale ulipopindia,
kana kwamba yuko kondoo mmoja hajamalizika.
Wenye shamba walipouza, walimlipa nusu pesa,
nusu chuma chakavu:
mikasi ya kunyolea, magunia matatu, butu yote,
springi za kitanda cha msimamizi,
bawaba, mnyororo wa pikipiki,
mlango wa jiko uliopasuka ule usiku wa baridi kuu.

"Utauza kwa kilo?" nilimuuliza.
Hakujibu. Alikuwa anatafuta sikio.

Mimi nilishika kurunzi, ndiyo kazi niliyopewa.
Kwanza miguu: nondo nne, ya nyuma kushoto fupi kidogo,
kwa kuwa Bruma alichechemea
tangu ateleze kwenye barafu, hadi alipokufa.
Kisha mbavu, mikasi ishirini na sita, midomo wazi.
Kisha manyoya, makali juu ya makali,
yamelazwa kuelekea mkiani
jinsi nyasi za huku zinavyolala maisha yao yote.
Harufu ya chuma kilichoungua ilinikaa kooni siku mbili.
Mkia ulianguka mara tatu.
Mara ya nne aliutukana, akaomba radhi, ukashika.

Kilikuwa bado kitu.
Kilikuwa kizito, kilikwangua sakafu,
kilikwama mlangoni, tukakisukuma kwa mabega.
Jumapili tukakisimamisha uani.
Upepo ukaingia mbavuni
na mikasi yote ikaanza kunong'ona.
Si kubweka, la:
ile sauti ya banda la kunyolea alfajiri,
wanaume ishirini kimya, mikono tu ndiyo inayosema.

Eleuterio akavua kinyago.
"Amesimama vibaya," akasema.
"Mgeuze. Asitazame nyumba, atazame malishoni."
Nami nikamgeuza.
Nilikuwa nusu ya njia kurudi kwangu
nilipong'amua kwamba ndimi zetu zimevuka,
zote mbili, bila kuulizana,
kutoka *hiki* hadi *huyu*.

Mwezi wa Agosti alikuja bwana mmoja wa Punta Arenas
na futi ya kupimia, koti jipya, akataja bei.
Bei nzuri. Paa la nyumba linavuja, naye analijua.
"Huyo?" Eleuterio akacheka kwa pua. "Huyo yuko kazini."

Leo asubuhi nimepita.
Kondoo watatu wa jirani wamejibanza ubavuni mwake,
upande usio na upepo.
Kutu imeanza,
nayo imeanzia puani,
pale ambapo mbwa mzima huwa na unyevu.