Kufa kwa Mazoezi

Redio ya Hiiumaa imetangaza: ghuba imefungwa hadi Ijumaa.
Manowari kumi na nne, bendera saba,
zinawinda nyambizi iliyo yao wenyewe.

Maimu anamenya viazi. Dirisha linatetema.
Kila mshindo, kifuniko cha sufuria kinaruka,
naye anakirudisha kama anayemvisha mtoto kofia.

Saa tano, ujumbe wa mjukuu, Uku,
baharia wa meli ya kutegua mabomu:
Bibi, tumezamishwa saa tatu.
Mwamuzi kaandika wote tumekufa.
Sasa tunakunywa supu ya njegere.
Saa nane tunafufuka, nitakupigia.

Anacheka peke yake mpaka kisu kinamponyoka.

Kisha Endel, kaka yake.
Vita vilikuwa vimekwisha, watu wanapaka nyumba rangi,
wavu wake ukapandisha chuma chenye pembe.
Hakuja mwamuzi na kalamu.
Mama alimwekea supu hadi ikaota kuvu,
na hakuna aliyethubutu kuosha bakuli.

Viazi vimeiva, vimepoa.
Saa nane kasoro kumi.
Saa nane.
Saa nane na dakika tatu,
simu iko kimya juu ya maganda.