Majeneza ya Msonobari

Baba alichonga matano.
Si ya mbao za kuunga: magogo mazima,
yametobolewa tumbo,
kwa kuwa Yerofei, mchonga mizinga ya nyuki,
hakujua namna nyingine ya kumhifadhi kiumbe.

La kwake. La mama. La Savvati kaka yangu.
Langu, lenye fundo la mti pale begani.
Na dogo, la Fetinia aliyekuwa bado ananyonya.
Mama akasema, huyu atalala kwangu.
Likabaki tupu. Baadaye tulilitilia unga.

Watu waliotoroka Moskva walikuja msituni na habari
kama wabebao makaa viganjani:
jana msalaba ulipigwa kwa vidole viwili,
leo kwa vitatu, na asiyetaka
atakatwa vyote.
Vitabu vya babu zetu vimechomwa uani.
Shemasi fulani kang'olewa ulimi.
Tauni ilikuwa imepita, fedha ya shaba
hainunui hata chumvi,
na mwaka, kwa hesabu yao, una sita tatu.
Nani angehesabu vile asimpate mnyama?

Basi tukaoga.
Harusini kwa Bwana huendi na masizi.
Tukavaa sanda, tukalala uani kwenye theluji ya mwisho,
kila mtu na mshumaa kifuani.
Baba akaimba, sauti ya puani,
kisha akanyamaza ili aisikie parapanda.

Nikasikia
gome likipasuka kwa baridi.
Savvati akipiga chafya.
Nta ikanidondokea kidoleni,
kimoja kati ya vile viwili.
Juu, nyota zimeshika pale pale
kama misumari iliyopigwa na fundi asiyetania.

Ndipo Zorka akalia.
Ng'ombe wetu, kiwele kimejaa,
hajakamuliwa tangu asubuhi
kwa kuwa dunia ilikuwa inaisha.
Alilia mara moja. Akalia tena.
Mara ya tatu mama akaketi ndani ya jeneza,
nywele zimejaa vumbi la msonobari,
akasema, nakumbuka neno kwa neno:
"Akija, atanikuta na ndoo."

Hakuja.
Au alikuja, sijui,
nasi tukiwa tunapuliza maziwa ya moto.
Baba alibaki amelala mpaka jua likapanda.
Hatukumcheka. Mama alimfunika koti.

Miaka ilipita, askari wakafika mtoni Kerzhenets.
Majirani walijifungia kanisani,
wakawasha wenyewe, wakiimba.
Savvati alikuwa miongoni mwao.
Nilisimama mbali na ndoo yangu,
ndoo moja,
na moshi ulinukia utomvu, ulinukia nta,
ulinukia kama karakana ya baba.

Sisemi walikosea. Mimi ni nani.
Jeneza la baba nyuki waliliingia wenyewe,
tukaliacha lao.
Langu liko darini, nahifadhia vitunguu.
Juzi niliviondoa, nikajilaza nilijaribu.
Limekuwa fupi.