Rejeta ya Chumba cha Mashariki

Julai, Molo. Ukungu umelala juu ya viazi
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Bi Taprandich ananifungulia mlango, sweta mbili mwilini,
miguuni soksi za marehemu mumewe.
"Fundi, ni ile ya mashariki. Zingine zinachoma.
Hiyo imenuna tu."

Nyumba ni ya enzi za mashamba ya pareto:
sakafu ya mwerezi, vigae vyenye kuvu,
na rejeta saba za chuma cha kusubu,
mbavu nene, rangi ya krimu inabambuka.
Jikoni boila inatafuna magogo ya mkaratusi
na kukohoa.

Naanza na kiganja. Kipimajoto ninacho,
lakini kiganja hakiishiwi betri.
Sebuleni: moto. Ukumbini: moto.
Bafuni: moto kupita kiasi.
"Ndiko tunakosomea gazeti," anasema, wala hacheki.
Chumba cha mashariki: baridi ya pua ya kondoo.

Chuma husema, ukijua kukiuliza.
Kikiwa baridi juu na moto chini,
ni hewa imejifungia ghorofani.
Kikiwa moto juu na baridi chini,
ni tope, kutu ya miaka imeketi kitako.
Hiki ni baridi kote. Kimya cha namna hii
ni cha mtu aliyefungiwa nje, akachoka kubisha.

Hata hivyo nafuata utaratibu, maana nalipwa.
Ufunguo mdogo kwenye kijitundu cha juu,
robo mzunguko, kitambaa chini, sikio karibu.
Hakuna mluzi. Tone moja jeusi
linanuka sarafu ya zamani.
Nagonga vali ya kuingilia kwa mpini wa bisibisi:
inazunguka vizuri,
bomba lake ni moto hadi shingoni,
kisha basi.

Kitandani yumo dadake, Bi Tabutany,
chupa ya maji moto kifuani,
ananitazama nikipiga magoti.
"Miaka minne," anasema. "Nilidhani ni mimi.
Damu ya uzee haina moto."

Upande wa pili kuna vali ambayo watu hawaioni,
ya kutokea,
yenye kofia ya plastiki isiyozungusha kitu.
Naivua. Shina limezamishwa hadi mwisho.
Na kwenye hesi za nati, katani imezungushwa kinyume,
imepakwa rangi nyekundu, nyingi mno,
kama mkate ambao mtoto amejipakia jemu.

Naijua katani hiyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
mwanagenzi wa fundi Obaigwa.
Mvua ilikuwa inatwanga mabati ya ghala,
naye nje anapiga honi
turudi Elburgon kabla barabara haijawa uji.
Nilifunga vali nipate kukaza nati.
Nati nikaikaza.

Spana. Mzunguko wa kwanza unagoma,
wa pili unalalamika,
wa tatu maji yanapita
kwa sauti ya mtu anayemeza chai.
Joto linapanda ubavu kwa ubavu,
nami mkono juu yake,
nahesabu Julai nne.

"Ilikuwa nini?"
Bi Taprandich, mlangoni, pochi mkononi.

Ningeweza kusema hewa.
Hewa haina jina wala baba,
haiji kesho kujitetea.
Mafundi wengi tunakula kwa jasho la hewa.

"Vali ilikuwa imefungwa."
"Na nani?"

Bi Tabutany ameshatoa mkono blanketini,
ameuweka juu ya chuma, akauondoa,
akaurudisha.

Nikavua kofia, safari hii yangu mwenyewe,
nikaanza na ile mvua.