Ngazi Sitini na Nne

Nilizihesabu usiku wa kwanza maji yalipokatika:
sitini na nne, toka mfereji wa chini
hadi mlango wetu, ghorofa ya nne, Huruma.
Kabla ya hapo nilikuwa nazipanda tu
kama mtu anavyomeza mate.

Mbinya alikuwa wa miezi mitano.
Alirudi kliniki na kile kijitabu cha mama na mtoto,
akakiweka mezani karibu na sukari.
"Wamenipima damu, iko chini.
Wamenipa vidonge.
Wameuliza baba yuko wapi."

Baba alikuwa Ruai, juu ya jukwaa la mbao,
akipiga plasta nyumba ya mtu mwingine.

Mara ya pili nilikwenda.
Nikakaa benchini kati ya wanawake kumi na wanane,
koti langu lina simiti,
nisijue mikono niiweke wapi.
Sista Chelang'at hakunionea haya wala huruma:
"Wewe, sogea. Sikiza.
Kichwa kikiuma kisikome, macho yakiona nyota,
uso na mikono vikivimba,
damu ikitoka hata tone, mtoto akinyamaza tumboni,
hamngoji asubuhi. Umesikia? Hamngoji."
Nikamrudishia yote kama mtoto wa darasa la pili.
Nyota nilizisahau. Akanirudisha mwanzo.

Maji nikayachukua mimi,
madebe mawili alfajiri, mawili usiku.
"Leo tumeona mengi," akacheka Otiato wa ghorofa ya pili,
"fundi mzima na debe!"
Kesho yake nilimkuta kwenye ngazi
na debe la tatu, langu,
anapanda bila kunitazama.

Kiti cha kwanza alikileta Mama Gathigia,
cha plastiki, kijani, mguu umefungwa waya.
Akakitua pale ngazi zinapopinda.
"Mwenye mzigo hapandi kwa pumzi moja."
Wiki ile ikaja stuli ya saluni,
kisha kreti ya soda iliyopinduliwa,
juu yake kipande cha godoro.
Hakuna aliyeitisha mkutano.
Mbinya akawa anapanda kama mgeni rasmi,
anaketi, anapumua, anasalimiwa, anaendelea.

Jumapili, hamsini hamsini, ndani ya kopo la kimbo.
Mama Gathigia ndiye aliyeshika daftari:
pamba, leso mbili, beseni, sabuni, nguo za mtoto,
na nauli, aliyoipigia mstari mara mbili.
"Nauli ya usiku haikopwi usiku."
Namba ya Wafubwa mwenye Probox
niliichora kwa msumari kwenye plasta, kando ya kitanda,
ili hata stima ikipotea
kidole kiisome.

Stima haikupotea.
Mengi tuliyoyaandalia hayakutokea.
Uchungu ulianza Jumanne saa nane mchana,
jua kali, mimi niko Ruai, mwiko mkononi.
Simu ilipolia nilijua kwa jinsi walivyonyamaza kwanza.

Wanasema aliketi kwenye kila kiti, hata wa kushuka.
Wanasema kwenye kreti alikaa sana
mpaka Wafubwa akapiga honi, akatukanwa na ngazi nzima.
Nilipofika hospitali na vumbi langu
Otiato alikuwa amesimama ukumbini,
amelikumbatia beseni
kana kwamba yeye ndiye baba.
"Msichana," akasema. "Kilo tatu na kidogo."
Kisha akanipa beseni, akakaa chini, akalia.

Kreti imerudi dukani, mwenyewe aliidai.
Stuli imerudi saluni.
Jana nilishuka kumpelekea Mama Gathigia kiti chake,
akanizuia kwa kiganja.
"Kiache. Ghorofa ya sita kuna mtu
hajamwambia mtu.
Lakini wiki hii nimemwona, anapanda ameshika ukuta."

Nikakipindua kile kiti hapo hapo,
nikakaza waya wa mguu.